Dawa Humfuata Mwenye Pacha

Subilaga alikuwa ameosha vyombo vya kioo ambavyo havikuwa na uchafu wowote, akavipanga rafuni, akavipangua, na sasa alikuwa anavipanga upya kwa kufuata ukubwa. Kaanaeli, mwenzake wa maabara, alimvumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Keti basi, dada. Ini haliendi mbio kwa sababu umelikodolea macho."

"Silikodolei macho."

"Tangu nimeingia unalikodolea. Mimi ningekuwa hilo ini ningeona haya."

Ini lenyewe halikuzidi punje ya harage. Lilikuwa ndani ya kisahani cha kioo, limelowa katika maji ya rangi ya waridi. Kando yake palikuwa na kipande cha moyo kilichopigapiga bila kuchoka, na uzi wa neva mwembamba kuliko unywele. Vitu hivyo kwa pamoja ndivyo vilivyoitwa pacha, na kibandiko cha ubavuni kilisema ni pacha wa nani: Lusekelo Mwasandube. Lusekelo mwenyewe, mume wa Subilaga, alikuwa nyumbani ng'ambo ya pili ya mji wa Tukuyu, amelala kitandani karibu na dirisha. Miguu yake haikuwa na habari na dunia, mikono ilikuwa inafuata njia hiyohiyo, na kifua siku hizi kilivuta pumzi kwa kubembelezwa.

Kila mtu wa rika lao alikuwa na pacha. Katika ule Mwaka wa Vichupa, wao wakiwa bado watoto, watumishi wa serikali walipita kijiji kwa kijiji wakikwangua chembe za ndani ya shavu, wakazitia katika vichupa, wakavilaza kwenye baridi kali. Vikalala huko vikingoja siku mwenyewe atakapougua. Ukiugua, chembe zako zinaamshwa, zinalelewa kwa miezi mingi mpaka ziwe ini na moyo na neva, na kila dawa inaonjwa na pacha kabla hujaionja wewe. Mambo ya kumeza kidonge kilichomfaa jirani na kumwachia Mungu yaliyobaki yalikuwa yamepitwa na wakati. Sheria yake ilikuwa fupi hata watoto waliiimba shuleni: dawa humfuata mwenye pacha.

Ugonjwa wa Lusekelo uliitwa ganzi ya ukoo, kwa sababu ulitembea ndani ya familia. Ulianzia miguuni, ukapanda taratibu, na ulipofika kifuani ulimaliza kazi. Kwa muda mrefu Subilaga na Kaanaeli walikuwa wamemtafutia dawa. Mtambo wa kuunganisha dawa, ambao wafanyakazi waliubatiza Mfinyanzi, ulitolewa kwa kila mgonjwa kwa zamu, na ndani ya zamu ya Lusekelo walikuwa wametengeneza vitu vidogo vidogo hata wakachoka: pete ya kaboni hapa, mkia wa naitrojeni pale, ng'oa mkia, geuza pete, anza upya. Kila kilichotoka kilichujwa, kikaoshwa, kikakaushwa, kikapimwa, kisha pacha akadondoshewa tone lake. Vingi havikufanya lolote. Vingine viliyeyusha ini kabla ya chakula cha mchana. Kwa macho usingeweza kujua, maana viwili huweza kufanana kama ndala za jozi moja, hiki kikaponya na kile kikazika.

Nambari za vitu hivyo zilikuwa ndefu mno, kwa hiyo pale maabara kila kipya kilipewa jina la chakula ambacho mpimaji wake alikuwa amekula siku hiyo. Ndivyo dawa iliyofaulu ilivyokuja kuitwa Mbalaga, kwa kuwa Kaanaeli, Mpare aliyekutana na ndizi za Kinyakyusa akasahau kwao, alikuwa ameshiba mbalaga mpaka anapumua kwa shida. Tone la Mbalaga lilipoingia, uzi wa neva uliokuwa umekaribia kufa ulianza tena kupeleka ujumbe, na ini halikutikisika. Siku ile Subilaga alicheza ngoma katikati ya maabara, na koti lake jeupe, bila aibu.

Lakini Mbalaga ilikuwa na ukorofi wake. Walipoijaribu kwa mapacha wa watu waliojitolea, maini mengi yaliharibika vibaya. Ilimkubali pacha huyu tu, kana kwamba ilishonwa kwa vipimo vyake. Tena unga wake haukuwekeka. Ukikaa siku chache unageuka manjano na kufa. Mfinyanzi ulikuwa umetoa dozi ya mtu mmoja, zamu ikaisha, mtambo ukaenda kwa mgonjwa mwingine, na nusu ya dozi haikufanya nusu ya kazi. Haikufanya kazi kabisa.

Hatua moja tu ilikuwa imebaki kabla ya dawa kutolewa: kulinganisha na pacha wa ndugu mzima. Ndiyo maana miezi iliyopita walikuwa wamemwamsha pacha wa Tusekile, dada mkubwa wa Lusekelo, mwanamke mwenye afya yake na mdomo wake, mchuma chai hodari. Sasa Kaanaeli aliwasha kioo cha vipimo, na ule mzaha wake ukamkauka.

Mistari miwili, wa kaka na wa dada, ilishuka pamoja, ikapanda pamoja, ikajikunja mahali palepale.

"Umepima kisahani kimoja mara mbili," alisema Subilaga.

"Sikupima mara mbili."

"Basi umechanganya."

"Dada, nimekula, nimelala, na akili zangu ninazo. Hiki ni kisahani cha kaka na hiki ni cha dada."

Walirudia kwa vyombo vipya. Mistari ikafanana tena. Na si hilo tu: neva ya pacha wa Tusekile, ambayo ilitakiwa iwe nzima, ilikuwa inakufa kwa namna ileile, na ilipopata Mbalaga ikafufuka kwa namna ileile. Ndugu wa tumbo moja hufanana pua na ukorofi, lakini hawafanani hivi.

Subilaga alizunguka meza. Akaizunguka tena. Kulikuwa na kipimo kidogo ambacho hata mwanafunzi angekifanya, cha kutazama kama chembe zina alama ya kiume. Tatizo ni kwamba Sheria ya Siri ya Damu ilikataza kusoma chochote katika pacha wa mtu isipokuwa ugonjwa wake, tangu zile siku waajiri walipokuwa wakisoma damu za watu na kuwanyima kazi. Kibandiko kikisema Lusekelo, basi ni Lusekelo. Nani angefikiria kumuuliza pacha kama ni mwanamume?

Kaanaeli alimsoma usoni. Akavua glavu zake.

"Mimi nakwenda kunywa chai," alisema. "Nitakunywa taratibu. Sijaona kitu na sitaki kusimuliwa."

Aliporudi, Subilaga alikuwa amekaa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Katika kisahani cha mume wake hapakuwa na alama ya kiume hata ya dawa.

* * *

Nyumba ya wakwe zake ilikuwa bondeni, chini ya mashamba ya chai, na mvua ilikuwa imenyesha hata njia imegeuka uji. Subilaga hakungoja mvua ikatike. Alifika na matope mpaka magotini, akaingilia upande wa jikoni kama inavyompasa, kwa sababu kwa Wanyakyusa wa kule mke wa mwana hatazamani uso kwa uso na baba mkwe. Mambo mengi yalikuwa yamebadilika, hili halikubadilika. Zilipokuja simu za picha wazee waliitisha kikao, wakabishana siku nzima, wakaamua kwamba sauti si uso. Tangu hapo wakwe walizungumza kwa kuweka ukuta katikati, na mambo yakaenda.

Mzee Mwasandube alikuwa barazani, upande wa pili wa ukuta wa tofali. Subilaga alichuchumaa karibu na jiko lililozimika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mvua hii, kuna usalama? Mgonjwa vipi?"

"Anakusalimu, baba. Yupo." Alivuta pumzi. "Nimekuja kuuliza jambo la zamani. Mwaka wa Vichupa, Lusekelo alichukuliwa chembe na nani?"

Kiti kikalia kidogo.

"Watumishi walikuja pale shuleni ng'ambo ya mto," alisema mzee. "Ilikuwa kipindi cha kuvuna viazi, na mvua kama hii ilikuwa inatutishia. Nikasema nyumba nzima haiwezi kuacha viazi vioze kwa ajili ya kukwanguliwa mashavu. Nikamtuma Tusekile akawawakilishe."

"Akawawakilishe?"

"Si ndivyo tunavyofanya? Mkutano wa kijiji huenda mmoja. Kikao cha shule huenda mmoja. Msibani kama wengine wana kazi, huenda mmoja na salamu za wote. Alikwenda, akatoa cha kwake, akatoa na cha mdogo wake. Yule mtumishi alikuwa hoi, foleni imefika mtoni, akamwandikia vichupa viwili akamwambia asante mwanangu. Akarudi tukaendelea na viazi." Sauti ya mzee ikashuka. "Kuna ubaya gani, mama? Hawa ni wa baba mmoja na mama mmoja. Damu yao si moja?"

Subilaga alitaka kupiga kelele. Alitaka kuuvunja ule ukuta wa tofali kwa ngumi, amwangalie yule mzee machoni, adabu iende zake. Badala yake aliuma kidole chake mpaka kikamuuma kweli. Angemlaumu vipi? Mzee hakufanya jambo la ajabu. Kijiji kizima kilifanya hivyo, na huenda wilaya nzima, kila nyumba ikimtuma mtoto mmoja mwenye miguu mepesi, na huko kwenye baridi kali wamelala maelfu ya mapacha wenye majina ya watu ambao hawajawahi kuguswa shavu.

"Hakuna ubaya, baba," alisema, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza.

Tusekile aliingia jikoni wakati huohuo, ametoka kuchuma chai, kikapu mgongoni, koti la plastiki linachuruzika maji.

"Yuko huku mke wetu! Tazama matope hayo. Wifi, tulikuozesha mume, hatukukuajiri ulime mpunga." Aliweka kikapu chini, akamkumbatia, akamlowesha. "Nimesikia dawa imepatikana. Usinifiche, Kaanaeli ameniambia, yule hana kifua cha kuweka siri. Lini mnampa?"

"Kesho."

Tusekile akapiga kigelegele kifupi, akaziba mdomo kwa kumwonea haya baba yake. Akakaa kwenye kigoda kuvua ndala. Hapo Subilaga akaona. Ndala zilikuwa zimefungwa kwenye vifundo vya miguu kwa vipande vya mpira wa baiskeli.

"Hizo nini, wifi?"

"Ee, achana nazo. Siku hizi ndala zinanitoroka. Natembea, nageuka nyuma, naiona moja imebaki njiani inanishangaa, na mimi wala sina habari. Uzee huo. Wanangu wananicheka mpaka wanagaragara."

Subilaga alicheka naye, maana angefanya nini? Lakini ndani alikuwa amekufa ganzi yeye mwenyewe. Lusekelo naye alianza hivyohivyo, kwa kiatu kilichobaki uwanjani bila mwenyewe kujua, na wote wakacheka.

* * *

Njia nzima ya kurudi mawazo yalimwendea mbio, na hakuna lililotaka kukaa mahali pake. Pacha aliyelelewa kwa miezi yote ile alikuwa wa Tusekile. Ini lililoikubali Mbalaga lilikuwa la Tusekile. Mwaka mzima alidhani anamtafutia mumewe dawa, kumbe alikuwa anamtafutia wifi yake, ambaye hata hajajua kuwa anaumwa. Na dozi ilikuwa moja.

Kumlea pacha wa kweli wa Lusekelo kungechukua miezi, na kifua cha Lusekelo hakikuwa na miezi. Akipewa Mbalaga bila kujaribiwa, huenda ikamponya, kwa kuwa ugonjwa ni uleule. Huenda pia ikamla ini kama ilivyokula maini ya wengine, na waliokuwa wameliwa ndio wengi. Tusekile je? Kwake dawa ilikuwa hakika. Ila bado alikuwa anatembea, anachuma chai, anatania watu. Angeweza kungoja zamu nyingine. Hapo Subilaga alijaribu kujidanganya kidogo, akashindwa, kwa sababu alizijua zamu. Mgonjwa mpya huanzia mkiani mwa foleni, na neva iliyokwisha kufa hairudi. Zamu ya Tusekile ikifika, naye atakuwa kitandani karibu na dirisha, na wanawe wawili wanamgeuza ubavu.

Hakuna aliyejua. Kaanaeli alijua nusu na hakutaka nusu ya pili. Kesho Mshuhuda wa serikali angekuja nyumbani, kama anavyokuja kwa kila mgonjwa, amuulize mkemia mbele ya jamaa pacha ni wa nani, na mkemia angejibu kwa sauti. Tamko hilo tu. Jibu lake likiwa "wa mgonjwa huyu", hakuna atakayelichunguza maisha yake yote.

Alimkuta Lusekelo anasikiliza mpira redioni na kugombana na mwamuzi. Yeye mwenyewe alikuwa mwamuzi kabla ya kuugua, mmoja wa wale wanaoogopwa. Aliwahi kumtoa mjomba wake kwa kadi nyekundu kwenye fainali ya kata, na mjomba hakumsemesha mpaka Krismasi.

"Kaonewa yule," alisema bila kugeuka. "Penalti gani hiyo? Njoo unizimie hii kitu kabla sijapasuka."

Subilaga alizima redio. Akafungua dirisha. Akalifunga. Akakunja blanketi lililokuwa limekunjwa.

"Suba," alisema mumewe. "Sema. Ukianza kukunja vitu najua kuna neno."

Akamwambia. Akamwambia kwamba pacha si wake, kwamba Mwaka wa Vichupa mambo yalivurugika, kwamba hakuna ajuaye Mbalaga itafanya nini ndani ya mwili wake. Lusekelo alisikiliza macho yakiwa darini.

"Kwa hiyo inaweza kuniua."

"Inaweza."

"Na nisipoitumia?"

Subilaga alilikunjua lile blanketi, akaanza kulikunja upya.

"Basi mbona hesabu yake nyepesi?" alisema Lusekelo. "Kesho useme ni wangu. Ikiniua, nilikuwa nimeshakufa. Ikiniponya, nitakununulia kitenge." Alijaribu kucheka, pumzi ikamkatisha. Ilipomrudia akauliza, "Na huyo pacha ni wa nani hasa?"

Swali lilikuja polepole, kama mtu anayeuliza saa. Subilaga alilitazama dirisha. Alimpenda mtu huyu kwa namna iliyomtia hasira. Alimpenda hata kadi zake nyekundu. Alijua vizuri kabisa kwamba akimwambia, hatakubali dawa. Atasema mpeni dada, na kesho kutwa, au wiki ijayo, yeye Subilaga atakuwa anapokea rambirambi.

"Sijui," alisema. "Vibandiko vilichanganyika. Anaweza kuwa wa mtu yeyote."

"Basi mtu huyo hatapungukiwa kitu," alisema Lusekelo, akafumba macho kwa amani.

Amani hiyo ilimchoma Subilaga kuliko matusi. Alitoka nje, akaanza kufagia uwanja uliolowa, akafagia matope yakawa mabaya kuliko yalivyokuwa.

* * *

Mshuhuda aliitwa Bi Shemdoe, mwanamke mnene wa miwani, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alifika asubuhi pamoja na Kaanaeli, ambaye alibeba kisanduku cha baridi kifuani kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Unga ulikuwa umeyeyushwa tayari ndani ya bomba la sindano. Pembeni kabisa, ukitazama sana, maji yake yalikuwa yameanza kuingia umanjano kwa mbali.

"Tusichelewe," Kaanaeli alimnong'oneza Subilaga. "Haifiki mchana hii."

Tusekile alikuwa amewahi mapema, amevaa vizuri, amejifunga kitenge kipya kama anakwenda harusini. Alikuwa amekaa kitandani miguuni pa mdogo wake, anamkanda nyayo ambazo hazikumsikia. Mzee Mwasandube alikuwa nje barazani, chini ya dirisha, kwa ajili ya ile adabu ya ukuta.

Lusekelo alinyoosha mkono wa kushoto, mkono wa shati umekunjwa mpaka juu ya kiwiko. Alimkonyeza mkewe.

"Haya," alisema Bi Shemdoe. Akanyanyua chombo chake cha kunasa sauti. "Mbele ya jamaa wa mgonjwa, na sauti hii inahifadhiwa. Mkemia, dawa hii uliitengeneza wewe?"

"Niliitengeneza mimi na mwenzangu huyu."

"Ilijaribiwa kwa pacha?"

"Ilijaribiwa."

"Ikamkubali?"

"Ilimkubali."

"Pacha huyo ni wa nani?"

Subilaga alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, alikuwa amelirudia tangu alfajiri, na sasa likagoma kutoka. Bi Shemdoe alinyanyua macho juu ya miwani.

"Ni wa mdogo wangu!" alidakia Tusekile. "Wa nani tena? Bi Mkubwa, mimi nilikuwepo Mwaka wa Vichupa. Nilimpeleka mwenyewe pale shuleni nimemshika mkono, wakamkwangua shavu hili la kulia, akalia kama mbuzi. Andika hivyo. Mimi dada yake ndiye shahidi."

Alisema bila kupepesa, na uso mkunjufu. Akamgeukia Subilaga, akamkazia jicho kwa sekunde moja, jicho la wifi kwa wifi: usituharibie. Hapo Subilaga akaelewa kwamba mzee alikuwa amemsimulia binti yake maswali aliyoulizwa jana kupitia ukuta, na Tusekile alikuwa ameunganisha mambo kwa namna yake. Alijua kuwa vichupa vyote viwili vilitoka kinywani mwake, na alidhani kuwa hilo ni kosa la karatasi tu, kikwazo cha kipuuzi baina ya mdogo wake na uzima. Alikuwa anaona fahari kudanganya. Kwa ulimi wake mwenyewe, mbele ya serikali, alikuwa anaitoa dawa yake mwenyewe bila kujua kuwa anayo.

Subilaga angeweza kunyamaza. Hakuhitaji hata kusema uongo. Ulishasemwa kwa niaba yake. Alimtazama Lusekelo aliyemtolea mkono. Alimtazama wifi yake. Alihisi kama anapasuliwa kwa shoka katikati ya kifua, na nusu zote mbili zinamlilia.

"Hapana," alisema.

"Wifi!" Tusekile alisimama. "Unataka kumuua mtu?"

"Hapana, pacha si wa Lusekelo." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Lusekelo hajawahi kukwanguliwa shavu. Pacha ni wa Tusekile, vichupa vyote viwili ni vya Tusekile. Na yule pacha anaumwa, wifi. Neva zako zinakufa. Ndala hazikutoroki. Ni ganzi. Dawa hii nimeitengeneza mwaka mzima, na ni ya kwako."

Huko nje, chini ya dirisha, kiti cha mzee kilianguka.

Bi Shemdoe alivua miwani, akaivaa. "Shaka ikitamkwa, naruhusiwa kupima," alisema polepole. "Mama, niletee kidole chako."

"Sikileti!" Tusekile alificha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto. "Mimi siumwi! Mimi nachuma chai kila siku, waulizeni! Huyu ndiye mgonjwa, mtazameni, hana pumzi, mpeni huyu! Lusekelo, waambie!"

Lusekelo hakumgeukia dada yake. Alikuwa anamtazama mke wake. Subilaga aliyapokea macho yale kwa sababu alistahili kuyapokea. Alikuwa amemdanganya jana, na leo amemuua, na yote mawili aliyafanya kwa kumpenda. Alingoja kuona chuki. Aliona mtu aliyechoka, anayefikiri, kisha aliona kitu kinatulia ndani ya uso ule.

Lusekelo aliurudisha mkono kifuani. Akaanza kuushusha mkono wa shati kwa vidole vya mkono wa pili, kidogo kidogo, mpaka ukafika kwenye kifundo. Kisha akatafuta kifungo. Vidole havikuwa na habari nacho. Vilikipita, vikarudi, vikakikosa tena, na watu wote chumbani walisimama wakivitazama, Kaanaeli na sindano yake, Bi Shemdoe na chombo chake, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Tusekile alikuwa ameanza kulia, kwa sauti, kama wanavyolia msibani.

Mwishowe kifungo kikaingia. Lusekelo alijisogeza ukutani kwa shida, akaacha nafasi ya mtu mmoja kwenye ukingo wa kitanda, akaipigapiga kwa kiganja.

"Kaa hapa, dada," alisema. "Upesi. Dawa inaharibika."